Kiti chembamba cha mtoto, na mama mkwe akapata pa kukaa

Premio yetu ni ya ukoo mzima. Tukienda Mbale, nyuma wanakaa mama mkwe, mdogo wangu na mwanangu wa miaka miwili. Kiti chetu cha kwanza kilitanua mabawa kama kuku anayeatamia. Mama mkwe, na heshima zake zote, alikalia upande mmoja wa makalio mpaka Jinja.

Safari hii niliingia duka moja la Ntinda na futi ya fundi cherehani. Muuzaji alicheka, lakini akanishikia ncha. Sentimita 44 penye upana mkubwa kabisa. Hapo ndipo pa kupima, kwenye mabega na vishikio vya vikombe, maana kitako chembamba kinadanganya. Kibandiko cha chungwa cha R129, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa viti vya watoto garini, kipo. Aliomba laki saba, tukaachana kwenye laki sita na nusu.

Nilikifunga kwa mkanda wa gari, si kwa Isofix, vile vyuma vya kunasia kiti cha mtoto vilivyojengwa ndani ya siti ya gari: vyuma havihami, ila mkanda uliniachia nafasi ya kukisogeza kidogo mlangoni. Nikakitikisa pale mkanda unapopita, hakikucheza hata sentimita 2.

Ubaya? Kizito kama gunia la matooke, na kibano cha mkanda wa jirani kimejificha chini yake. Mdogo wangu alikipapasa mpaka tukafika Mukono, akinung'unika.

Mama mkwe alisinzia njia nzima. Tulipofika aliuliza, "Mwanangu, vya watu wazima haviuzwi?"