Treni ya Chini ya Ardhi ya Guangzhou: Tathmini ya Mgeni wa Mara ya Kwanza

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anapoitaja Guangzhou, aghalabu huzungumzia bei za mzigo, gharama za kontena na mawakala wa usafirishaji. Ni nadra kumsikia akieleza namna mtu anavyotembea ndani ya mji wenyewe. Nimeona inafaa kuieleza huduma iliyotufungulia mji huo, mimi na rafiki zangu, tulipoutembelea kwa mara ya kwanza: treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1997.

Guangzhou ina zaidi ya watu milioni 18, na mgeni asiyejua kusoma Kichina huutambua ukubwa huo mara tu anaposimama barabarani, chini ya madaraja yanayopishana na maandishi asiyoweza hata kuyatamka. Ukiteremka chini, hofu hiyo hupungua. Kila njia ina namba na rangi yake, majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za Kilatini, na matangazo hutolewa kwa Kichina cha Mandarin, kwa Kikanton, kisha kwa Kiingereza. Kilichotufaa kuliko vyote ni kwamba kila mlango wa kutokea kituoni una herufi yake. Tulipotaka kutawanyika, huyu akatafute vitambaa na yule viatu, tulikubaliana kituo, mlango na saa, na hakuna aliyelazimika kumwelekeza mwenzake kwa simu.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha mviringo, kinacholingana na sarafu. Unakigusisha kwenye geti unapoingia, unakitunza njiani, na unapotoka unakitumbukiza kwenye tundu, nalo geti hufunguka. Nauli huanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo kila yuan ya nyongeza inavyokupeleka mbali zaidi. Kwa mtu aliyekuja na mtaji wa kuhesabu, hilo si jambo dogo. Wenyeji wengi hulipa kwa simu, lakini kadi ya Yangchengtong inamtosha mgeni, kwa kuwa huongezwa fedha na kutumika pia kwenye mabasi.

Njia zenyewe zinapita pale hasa ambapo Mwafrika Mashariki ana shughuli. Njia namba 2 inafika Sanyuanli, kwenye masoko ya mabegi ya ngozi. Namba 6 ina kituo cha Yide Lu, mtaa wa jumla wa vifaa vya kuchezea watoto. Namba 5 inasimama Xiaobei, ambako Waafrika wamefanya biashara kwa miaka mingi na migahawa ya chakula cha halali haitafutwi kwa taabu. Anayetaka kuswali katika msikiti wa kale wa Huaisheng ashuke Ximenkou, njia namba 1. Nasi hatukwenda kwa biashara tu: kituo cha Canton Tower kinakutoa miguuni mwa mnara wa mita 600, na kuutazama usiku ukibadilika rangi juu ya Mto Pearl ni starehe isiyodai kiingilio.

Kasoro zipo, na ni haki zisemwe. Njia namba 3, ambayo ndiyo ya uwanja wa ndege wa Baiyun, inajulikana kwa msongamano mkubwa asubuhi na jioni, hasa kituo cha Tiyu Xilu ambako abiria wengi hubadilisha treni. Mabegi yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na si kila mlango una lifti. Kwa hiyo mwenye masanduku mazito saa hizo ni heri akodi teksi. Vilevile treni hazikeshi, na mwenye ndege ya usiku wa manane apange mapema.

Kwa kundi linalokwenda kwenye Maonyesho ya Canton, yanayofanyika kila Aprili na Oktoba, njia namba 8 ndiyo inayofika kwenye kumbi za Pazhou. Pandeni asubuhi mapema, kabla wanunuzi hawajamiminika, na nunueni kadi siku moja kabla ili msipange foleni kwenye mashine za tiketi.