Fundi wa Kibuye Asiyepokea Kila Kazi
Nilipompelekea fundi huyu wa nguo, ambaye kibanda chake kiko karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, vitambaa vya magauni sita ya harusi, alifungua daftari lake, akahesabu kwa kidole siku zilizobaki, kisha akaniambia kwamba angepokea manne tu, kwa kuwa sare za shule ambazo alikuwa amekwisha kulipwa arubuni zilihitajika kabla ya muhula kufunguliwa. Nilikasirika, nakiri. Hata hivyo, mafundi wengi huitikia kila kazi, halafu mteja huambiwa "njoo kesho" hadi sherehe ipite. Yeye hupanga kazi kwa kufuata tarehe ya kuchukuliwa, wala si kwa aliyetangulia kufika, na nguo za rangi moja huzishona pamoja ili asibadilishe uzi kila mara. Magauni yangu manne yalikuwa tayari Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, yakiwa yamepigwa pasi. Kasoro yake ni kwamba marekebisho madogo hayana nafasi katika daftari hilo: kwa ajili ya kupunguza pindo moja tu, nilishinda kwenye benchi lake hadi jioni. Mawili yaliyobaki niliyapeleka kwingine, na moja lilifumuka kwapani bi harusi akiwa bado hajaingia ukumbini.