Mkaguzi wa cheti cha nishati, Leicester: nyota nne

Tathmini hii ni ya wenye nyumba za kupangisha hapa Uingereza, hasa sisi watu wa Tanga ambao mpaka leo tunaona ajabu kulipia joto.

Cheti changu cha EPC (kinachoonyesha nyumba inavyotumia nishati, kwa madaraja A hadi G, A ikiwa bora) kilikuwa kimefikisha miaka 10, kwa hiyo kimekwisha muda, na mpangaji alikuwa anahama. Sheria inataka uwe umeshaagiza kipya kabla ya kutangaza nyumba, na ikiwa chini ya daraja E hupangishi, labda uwe umesajili msamaha.

Nililipa pauni 65. Mkaguzi alifika saa aliyosema, akavua viatu bila kuambiwa (hapo hapo nikampa nyota ya kwanza). Akapima vyumba kwa leza, akapiga picha boila na thamostati, akahesabu balbu za LED. Darini alichomeka rula kwenye ile sufi ya kuzuia joto: milimita 270, kiwango kinachopendekezwa. Kisha akapima unene wa ukuta dirishani. Nyumba yangu ni ya matofali ya enzi za Malkia Victoria, kuta hazina uwazi katikati, joto linatoka bila hodi.

Nilichompendea ni kueleza. Alama zinazoamua daraja la cheti hazitoki kwenye bili zako. Programu ya kompyuta anayotumia mkaguzi inakadiria gharama ya nishati kwa kila mita ya mraba, ikichukulia matumizi ya kawaida, kwa hiyo mpangaji anayekaa na koti sebuleni na yule anayewasha radieta usiku kucha hawabadilishi kitu. Na kisichoonekana kinataka ushahidi. Chini ya vigae vya jikoni niliweka kizuizi cha joto. Bila risiti yenye anwani na picha za fundi, programu ingekisia kwa umri wa jengo tu. Tunzeni risiti, jamani.

Nimepata 67, daraja D. C inaanzia 69, yaani nimeikosa kwa alama mbili!

Mapendekezo ndiyo yaliyoniudhi. Eti nizivishe kuta kizuizi kwa ndani. Chumba cha nyuma kilivyo chembamba, kitanda kitapita wapi? Hilo si kosa la mkaguzi, ni programu. Nyota niliyomnyima ni ya kuchelewesha cheti mpaka nikampigia simu.

Kikishatoka kinaingia kwenye rejista ya serikali mtandaoni, yeyote mwenye anwani yako anakisoma. Kisome wewe kwanza. Na siku ya ukaguzi ondoa masanduku chini ya mlango wa dari.