Rekodi, gazeti chakavu na lundo la PDF: kila kazi na programu yake ya akili mnemba

Mwenye rekodi ya mahojiano, picha za gazeti la zamani na PDF ishirini za kusoma asivipeleke vyote kwenye programu moja ya kuchati. Hizo ni kazi tatu tofauti.

Kwa sauti, chukua Whisper ya OpenAI, inayogeuza maneno ya rekodi kuwa maandishi. Ilitoka Septemba 2022 na ni huria, kwa hiyo inakaa kwenye kompyuta yako na rekodi haiendi kwa mtu. Kwa mwandishi wa habari au wakili, hilo peke yake linatosha. Modeli zake ziko za ukubwa mbalimbali, na hapa ndipo wengi hukosea: ile ndogo iitwayo small inafaa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili inavuruga viambishi na kukata maneno pasipostahili. Si ajabu. Whisper ya kwanza ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu. Tumia ile kubwa, large-v3, inayotaka kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 10 hivi. Huna kadi? Programu iitwayo whisper.cpp huiendesha kwa prosesa ya kawaida, ila polepole, iwashe ukalale.

Usiiache ikisie lugha. Husikiliza sekunde 30 za kwanza, ikaamua. Mgeni akisalimia kwa Kiingereza kabla ya kuingia kwenye Kiswahili, faili zima linaweza kutoka kwa Kiingereza. Kwenye amri ya kuiwasha andika --language sw, yaishe. Ikikutana na muziki au kimya kirefu, hubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema, au hukariri sentensi ileile mstari baada ya mstari. Kata kimya kwanza, kisha ongeza --condition_on_previous_text False, isifuate maandishi iliyokwisha kuyatoa. Dawa hiyo ina madhara yake: majina uliyoyadokeza kwenye --initial_prompt, yaani dokezo la mwanzo, yatasaidia sekunde 30 za mwanzo tu, basi tahajia za majina zikague kwa macho. Kujua nani kasema nini haiwezi. Kwa hilo tumia WhisperX. Wazungumzaji wakichanganya Sheng, tenga muda wa kutosha wa kusahihisha kwa mkono.

Kwa karatasi, Tesseract, inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, ni ya bure na ina data ya Kiswahili, swa. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, nyoosha ukurasa, na kama gazeti lina safu zilizobanana, kata kila safu peke yake, la sivyo mstari wa habari moja utaingia katikati ya nyingine. Penye Kiingereza ndani, andika -l swa+eng. Mwandiko wa mkono usijisumbue nao. Faida kubwa ya Tesseract ni kwamba ikishindwa, hutoa takataka zinazoonekana. Programu ya kuchati ukiipa picha hiyohiyo yenye ukungu, inaweza kukuandikia Kiswahili safi kabisa ambacho hakimo kwenye ukurasa, na ukakipitisha bila kushtuka.

Kwa lundo la PDF, NotebookLM ya Google. Hujibu kutokana na nyaraka ulizopakia, na kila hoja ina namba ya kubofya inayokupeleka kwenye aya yenyewe. Ibofye, hasa jibu likiwa na tarakimu au tarehe. Nyaraka za siri usizipakie huko. Zinakwenda kwenye seva za kampuni.