Riviu: ile maabara ndogo ya Chikongola, Mtwara, kwa mzee wa hadubini

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka zake asome aondoke: nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya foleni ya asubuhi na choo, ambacho sitaki hata kukizungumzia. Ila kwenye kazi yenyewe ya kupima damu, hapa Mtwara mjini sijaona kama pale, na mimi nina watoto watatu na homa kwetu haikauki, hasa mvua zikishaanza.

Iko ndani ndani kule, kibao hakuna, we mwambie tu bodaboda akupeleke kwa mzee wa hadubini. Chumba kimoja, meza mbili, feni inazunguka ikijisikia, benchi liko nje chini ya mwembe. Mzee mwenyewe kala chumvi nyingi kwenye miradi ya utafiti wa malaria, huko Muheza na Ifakara, kabla hajastaafu akarudi zake nyumbani kusini. Kwa hiyo hakupi majibu kimya kimya ukaenda zako, anakueleza mpaka uelewe, na ukiwa na haraka hilo litakukera nakuonya mapema.

Kilichonipeleka ni mwanangu wa kati. Aliumwa malaria, akapewa dawa ya mseto akamaliza vidonge vyote, homa ikashuka halafu baada ya siku chache ikarudi tena, nikampeleka sehemu moja hivi wakampima kile kipimo cha haraka cha kadi, mistari miwili ikatoka, nikaambiwa hii malaria sugu mama, dawa imegoma, aanze sindano. Jirani ndo akanambia hebu kwanza nenda kwa yule mzee.

Nimefika, shikamoo, marahaba mwanangu, swali la kwanza: huyu alimaliza dawa lini? Nikamwambia hata wiki mbili hazijaisha. Akatikisa kichwa. Kumbe bana kile kipimo hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini ambayo mdudu anaimwaga kwenye damu, na mdudu akishakufa hiyo protini inabaki wiki kadhaa, wengine mpaka mwezi na zaidi. Yaani mtoto amepona ila kadi bado inasema positivu. Watu wangapi hapa mjini wamechomwa sindano kwa mstari wa namna hiyo sijui.

Basi akapima slaidi. Hapa ndo nilipompenda. Kafuta kidole cha mtoto kwa spiriti, kaacha kikauke kwanza, kachoma pembeni siyo katikati, tone la kwanza kalifuta, yaliyofuata kayaweka kwenye kioo mawili mawili. Moja kalizungusha kwa kona ya kioo kingine likawa duara nene, jingine kalivuta likawa jembamba kama ulimi. Jembamba ndo linapitishwa kwenye spiriti yake, nene haliguswi na hiyo kitu, linaachwa likauke lenyewe, kijana wake alitaka kulisogeza juani akakemewa. Halafu rangi ya Giemsa, kuosha, kukausha, tone la mafuta, jicho kwenye lenzi. Anahesabu na kile kidude cha kubonyeza tik tik tik na hataki kuongeleshwa. Majibu: hakuna mdudu. Akaniandikia nimpeleke hospitali wapime mkojo na vingine, ikaja kuonekana ni UTI. Sindano za malaria sugu zikafia hapo.

Na nilimuuliza lile swali letu la kila siku, mtu anaposema nina malaria wadudu watano maana yake nini hasa, maana sisi mtaani tunadhani ni watano mwili mzima wanazurura. Alicheka sana. Ni watano aliowaona wakati anahesabu chembe nyeupe 200. Ukikadiria mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwenye tone dogo kabisa, maikrolita moja, unazidisha mara 40, kwa hiyo watano wako ni wadudu kama 200 kwenye hicho kitone tu. Kwa mwili mzima piga hesabu mwenyewe.

Sasa mume wangu naye akajipima kwa kujifurahisha, mzima wa afya, katoka kupalilia mikorosho Tandahimba, akakutwa nao! Homa hana, kichwa hakimuumi. Akapewa karatasi aende nayo kituo cha afya akatibiwe, maana mzee dawa hauzi, na ndo akatupa somo la kinga. Mtu aliyekulia huku akaumwa weee tangu utotoni, mwili unajifunza, siyo kuwazuia wadudu wasiingie ila kuwavumilia wasimlaze. Na hiyo kinga siyo ya milele, mdogo wangu alikaa Arusha miaka ya chuo, karudi likizo Mtwara malaria ikamlaza vibaya wakati sisi tunadunda. Watoto wadogo hawajaijenga bado na mjamzito inamyumbia, hasa mimba ya kwanza, ndo maana wanabanwa hao na vyandarua na dawa za kliniki.

Halafu kuna kinga ya kuzaliwa nayo, na hapo mzee ukimgusa umekwisha. Ana mtu wake mmoja anamhusudu, Anthony Allison, Mzungu aliyezaliwa Afrika Kusini 1925 akakulia Gilgil Kenya, na malaria yenyewe aliugua utotoni. 1949 alikuja na msafara wa Oxford, akawa anakusanya damu za watu Kenya nzima, akaona kitu cha ajabu, vinasaba vya sikoseli vimejaa kwa watu wa pwani na wa Ziwa Victoria, ila ukipanda milimani kwenye baridi havipo kabisa au ni vya kutafuta. Akajiuliza kitu kinachoua watoto kinabakije kingi hivyo, au kwa sababu kinakinga malaria? Akarudi baadae, akapima watoto 290 Uganda, waliobeba kinasaba kimoja wana wadudu wachache kuliko wenzao. Akawaambukiza malaria na watu wazima waliojitolea, wabebaji 15 na wasio wabebaji 15, wadudu wakashika kwa wabebaji wawili tu, upande wa pili kwa 14. Akachapisha 1954. (Mzee anasema siku hizi kazi kama ile inapita kamati za maadili mpaka uchoke, ila inafanyika, hata Bagamoyo wameshafanya.) Na jamaa hakuishia hapo, baadae akahamia kwenye mambo ya kinga huko California, yeye na mkewe Elsie Eugui ndo wakaleta dawa ya mycophenolate wanayopewa waliopandikizwa figo. Amefariki 2014.

Kwa nini nayaandika haya kwenye riviu ya maabara? Kwa sababu upande wa shemeji yangu kuna mtoto wa sikoseli, na nilienda na maneno ya mtaani kwamba mwenye sikoseli haugui malaria. Mzee akanikata hapo hapo. Anayelindwa ni mbebaji, yule wa AS, aliyerithi kinasaba kimoja tu, na analindwa zaidi na malaria kali siyo kwamba hapati kabisa. Mgonjwa mwenyewe, SS, aliyerithi viwili, malaria ikimpata ni hatari kubwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina robo ya kutoka mgonjwa. Na akanambia ukweli kwamba kipimo chake cha sikoseli kinaonesha tu kama seli zinapinda, hakitenganishi mbebaji na mgonjwa, mashine ya kutenganisha hana, akatuelekeza hospitali kubwa bila kutuchukulia hela. Mwingine angekula hela yako na akakuandikia chochote.

Bei nilizokuta mimi: slaidi elfu tatu, kadi elfu mbili, na kadi atakuuliza kwanza kama umemeza mseto karibuni, ukisema ndio hakuuzii. Majibu ya slaidi subirini kama saa nzima, ikijaa zaidi. Mwandiko wake haueleweki, mwambie kijana akusomee kabla hujaondoka. Lipa kwa simu inakubali ila mtandao ukisumbua uwe na keshi, chenji ya elfu kumi hawana. Ijumaa wanafunga kwa swala wanarudi wakijisikia, Jumapili hakuna. Na mtoto akiwa anadegedeka, hanywi, au amelegea hasikii, msipite pale kabisa, nendeni hospitali moja kwa moja, hata mzee mwenyewe atawafukuza.