TAHADHARI: Winga anayeuza seti za kulaza Crown na Mark X Kariakoo, tangi lake ni mtungi wa gesi ya friji

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Kama umenunua seti ya mifuko ya hewa (ile inayokaa badala ya springi, gari ipande na kulala) kwa yule jamaa anayerusha video ya Crown nyeupe inayopanda na kushuka, leo usiwashe kompresa, ile pampu ya kujaza upepo. Toa upepo wote kwenye tangi kwanza, halafu ndiyo urudi usome.

Gari yangu ni Crown, na nimehangaika nayo sana kuishusha. Mwezi wa sita nilikata springi ili ishuke, na baada ya hapo niliapa sitafanya tena mambo ya nusunusu, nikaweka hela pembeni kidogo kidogo mpaka ikafika milioni tatu na laki nne. Hiyo ndiyo imekwenda. Mama watoto bado hajui kiasi chenyewe.

Naomba mnielewe kwa nini nilimwamini, maana najua kuna watu watasema nilikuwa na tamaa ya vya rahisi. Mimi sinunui kitu kwa picha. Nilipompigia hakuanza na bei. Aliniuliza, "Mkubwa, Crown yako ni GRS180 au 200? Sikiliza, zote mbele zina wishboni mbili, mkono wa juu na wa chini. Mtu akikuuzia mfuko wa kukaa kwenye strati, shokapu inayoshikilia tairi yenyewe kama ya Premio, ameshakula hela yako." Hilo ni kweli kabisa, fundi yeyote wa chini atakwambia. Akaniuliza natumia rimu ya ngapi, nabeba watu wangapi nyuma, kama nataka gari ilale kabisa au ishuke tu kidogo. Akaniambia nisikubali vali nne, nidai nane, kila kona mbili: moja ya kuingiza upepo, moja ya kutoa, ili kila tairi lipande peke yake. Mtu anayeongea hivyo utamdhaniaje tapeli? Miaka yote hii nauliza maswali haya mafundi wananiangalia tu, leo nimepata anayeniuliza yeye.

Jumamosi nikaenda. Duka kamili, rafu zimejaa spea, kuna kijana anapanga shokapu. Jamaa akanivutia stuli, akamtuma mtoto aniletee maji ya baridi. Ilipoadhiniwa Alasiri akaniambia, "Kaka nakuachia duka, naenda kuswali mara moja." Akaniacha na vitu vyote pale. Nikajisemea mtu anayeniachia duka hawezi kuwa mwizi. Nikawa nakaa pale nashika mifuko, naizungusha, mpira mweusi unang'aa kama umetoka kiwandani jana. Tangi limepigwa rangi nyeusi safi, zito mkononi. Kompresa mbili zina stika ya fedha imeandikwa psi 200, yaani kipimo cha nguvu ya upepo.

Aliporudi ndipo alipomaliza kazi. Alileta betri, akafunga kompresa moja kwenye tangi, akaweka geji, akawasha. Akaniambia nitazame geji. Sindano ikapanda mbele ya macho yangu: 60, 90, 120, mpaka 150. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kompresa. "Sikia, imechemka?" Haikuchemka. Akafungua upepo kidogo, ule mlio wa tsss, na mimi mtu mzima nikacheka kama mtoto. Hapo alikuwa ameshanimaliza, nakiri. Nilitaka kulipa kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani, akasema ile ya duka ina mambo ya kodi, nitume kwenye namba ya "dada yake", na ya kutolea. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamume. Niliuliza. Akasema laini ilisajiliwa na shemeji. Nikabonyeza namba ya siri. Risiti ya EFD akasema mtandao wa TRA uko chini, atanirushia jioni. Vitu akavifunga kwenye boksi kwa gundi ya karatasi mzunguko kumi, akanisisitiza nisifungue mpaka nifike kwa fundi, vumbi lisiingie kwenye vali.

Jumatatu tukafungua gereji. Fundi wangu, mzee mmoja, hakuongea sana. Alichukua mfuko mmoja akaukunja kwenye lile pindo linalojikunja gari ikishuka. Mpira ukafunguka mipasuko kama magaga ya kisigino. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Kiwi. Mifuko imepakwa kiwi ya viatu! Sehemu inayopigwa mhuri wa tarehe imekwanguliwa kwa kisu kwenye yote minne. Na wala si ya Crown. Ya mbele haiwezi kukaa kwenye shokapu yangu hata kwa bracketi ya kuchonga.

Kompresa akaifunga na geji yake ya gereji. Ya jamaa inasema 150, ya mzee inasema 62. Akabadilisha geji mara mbili, jibu lile lile. Kompresa ikaishia hapo hapo sitini na kitu, ikaanza kutoa harufu ya waya unaoungua, ikajizima. Alipofungua ganda ndani mna injini ya pampu ya tairi, ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Kompresa ya kweli ya kazi hii inavuta karibu ampea 20 kila moja, ndiyo maana inatakiwa rilei yake (swichi ya kubeba umeme mkubwa) na waya mnene. Hii waya wake ni mwembamba kama wa chaja ya simu.

Mabomba ya kupitishia hewa, mzee akanipa miwani yake nisome maandishi madogo pembeni: 0.8 MPa. Kwenye vali, maandishi hayo hayo. Hiyo ni kama psi 116. Ni vitu vya mashine za kiwandani, vizuri huko kwao, lakini mimi nilikuwa niviunge kwenye tangi la 150 na zaidi. Jamaa alinihubiria vali nane nikahesabu nane, sikusoma zimeandikwa nini.

Sasa tangi. Hapa ndipo siwezi kusamehe. Mzee alipaka povu la sabuni kwenye maungio, akaingiza upepo kidogo tu. Vibofu vikaanza kutoka kwenye weldingi, vidogo vidogo, mfululizo. Akachukua msasa akakwangua rangi nyeusi. Chini ikatoka rangi ya bluu ya maji. Akaendelea kukwangua, yakatokea maandishi ya Kiingereza yanayosema mtungi huu haujazwi tena. Ni mtungi wa gesi ya R134a, ile ya friji na AC za magari! Bati lake jembamba, umetengenezwa utumike mara moja utupwe. Mtu ameutoboa, ameuchomelea nati nne, amepiga rangi, ameuita tangi la galoni 5. Hata vali ya usalama ya kupunguza upepo ukizidi hakuna. Zile kilo za mkononi nilizozifurahia, mzee alipoulaza ubavu kukamiminika mchanga.

Wakuu, tangi lile lingekaa kwenye buti, nyuma ya mgongo wa wanangu. Jumapili inayokuja tulikuwa na safari ya Bagamoyo, harusini. Niliishiwa nguvu, nikakaa chini pale pale kwenye oili.

Nikampigia. Akapokea mara ya kwanza, akasema, "Bosi fundi wako hajui, nakuja kesho." Kesho simu haipatikani. Nikarudi dukani. Mwenye duka, mzee wa watu, akashika kichwa. Duka si la yule! Ni winga tu, analeta wateja, siku ile mwenyewe alikuwa msibani na yule kijana wa shokapu alijua jamaa ameruhusiwa. Mimi ni mtu wa tatu kwenda kuuliza.

RB ya polisi ninayo. Namba yake ya simu nimeituma 15040, kule kwa kuripoti namba za matapeli. Vitu vyote nimevipiga picha nawapelekea FCC, Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia, kwa sababu zile stika ni za kampuni ya watu. Ila niseme ukweli, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kesi ndogo kwa alichofanya huyu. Huyu ashitakiwe kama mtu aliyetega bomu. Mwizi wa simu wanamkimbiza mtaa mzima, huyu aliyechomelea mtungi akijua utakaa nyuma ya watoto atembee Kariakoo na video zake? Afungwe, na aliyemchomelea afungwe naye. Sitaki anirudishie hela kimya kimya halafu yaishe. Kuna mtu ameshanipigia eti tuyamalize. Hayamaliziki.

Mtamjuaje: anabadilisha namba, jina silitaji hapa, liko polisi. Video ni ile Crown nyeupe usiku, namba za gari zimefunikwa. Bei yake iko chini sana, hiyo nilipaswa kushtuka, kompresa mbili halisi tu zinaweza kumaliza nusu ya hela ile. Malipo kwa jina jingine. Hakuna EFD. Nenda na geji yako mwenyewe. Kunja mpira, tafuta tarehe. Soma maandishi kwenye bomba. Tangi, kwangua rangi uone kilicho chini yake. Tangi la kweli lina kibati cha uwezo wake na weldingi ya kiwandani iliyonyooka, siyo matone ya mkono. Mengine nitaongeza nikitulia.

Vitu vyote vipo gereji kwa mzee, nimevianika mezani, nipo pale kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Kama una tangi lake usilibebe likiwa na upepo. Wale wawili walionitangulia kwenda dukani, kama mnasoma hapa, nitafuteni tukaandikishe maelezo pamoja.