The Crucible (1996): muvi ya mahakama ya wachawi, jiandae kukasirika

Nimeiangalia mara mbili wiki hii, ya kwanza peke yangu usiku na ya pili sebuleni na mama, na mpaka sasa hasira hazijaisha. Nasimulia mpaka mwisho kwahiyo kama hutaki kujua nani anakufa ishia hapa.

Haijatafsiriwa na ma-DJ wetu, na Kiingereza chenyewe ni cha zamani kama cha Biblia, inabidi utulie kweli. Dakika 124. Kaiongoza Nicholas Hytner, na Arthur Miller mwenyewe ndo kaandika kutoka kwenye tamthilia yake ya jukwaani ya 1953. Staringi ni Daniel Day-Lewis, ni John Proctor, mkulima wa Salem kule Massachusetts mwaka 1692. Mabinti wanafumwa wanacheza porini usiku, wanaogopa viboko, wanaanza kutaja watu eti wachawi. Basi, kutoka hapo ni kamatakamata.

Utamu wote uko mahakamani. Jaji Danforth, Paul Scofield huyo, yule mzee kaigiza mpaka unatamani umtoe kwenye skrini umuulize maswali, si jaji wa kupokea bahasha. Hachukui kitu cha mtu, anamtaja Mungu, anaongea taratibu, na ndo maana anatisha. Kuna mzee anaitwa Francis Nurse, mkewe kakamatwa, kapata watu 91 wakasaini kwamba hawa wanawake tunawajua na ni watu wema. Analeta karatasi yake kwa heshima zote. Mahakama inafanya nini? Inaamuru wote waliosaini waletwe wahojiwe! Mzee wa watu anaishiwa nguvu, maana aliwaahidi kusaini hakutawaletea shida, kumbe kawaandikia wakubwa orodha ya kukamata.

Halafu Giles Corey. Anasema wazi kwamba Putnam, tajiri wa pale kijijini, anamtumia binti yake kumtaja jirani uchawi ili shamba libaki, kwa sababu mwenye hela ya kulinunua pale ni Putnam tu. Anaambiwa mtaje aliyekwambia. Hamtaji, anajua akimtaja huyo naye yuko ndani kesho. Wanamlundikia mawe kifuani mpaka anakata roho. Na Giles Corey wa kweli alikufa kwa mawe hivyohivyo Septemba 1692, mzee wa miaka kama 80, sababu alikataa kujibu shtaka. Wengine 19 walinyongwa. Miller naye yakaja kumkuta, 1956 kaitwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti, kaambiwa ataje wenzake, kakataa, akatiwa hatiani mwaka uliofuata na 1958 rufaa ikamsafisha. Kuitwa kwenyewe ni miaka mitatu tu baada ya tamthilia kutoka.

Mama alikuwa anachambua mchele, haangalii sana. Katikati akasimamisha mkono juu ya ungo akaniuliza, "Kwahiyo akikiri anaachiwa, akikataa ananyongwa?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema "Basi hapo anayekufa ni mkweli," akausogeza ungo pembeni na hakuugusa tena mpaka mwisho. Mama kakulia Shinyanga, anawajua vikongwe waliouawa kwa kuwa na macho mekundu, wakati macho yameharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote. Kule Kilifi ni wazee wenye mvi, na ukichimba unakuta kuna shamba watu wanalitaka. Sikuwa na haja ya kumfafanulia Putnam.

Kisichonipendeza ni mapenzi ya Proctor na Abigail (Winona Ryder), kiongozi wa wale mabinti. Kwenye historia Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12 na Proctor mzee wa 60 hivi, hayo mapenzi kayaweka Miller, na mimi naona yanawapunguzia mzigo watu wazima, unatoka unamlaani binti mmoja aliyeachwa wakati walioandika na kusaini hati za kunyonga ni majaji. Tituba naye, mtumwa, wa kwanza kupigwa mpaka akubali, wanamuacha haraka mno. Nakata nyota moja, nne kati ya tano.

Ila Joan Allen kama mke wa Proctor, uwii. Mumewe kashakiri mahakamani kwamba alizini na Abigail, na kasema mke wangu hajawahi kudanganya, muulizeni, analetwa, anaulizwa je mumeo alizini? Anautafuta uso wa mumewe na mumewe kageuzwa mgongo. Anadanganya kumlinda, na kwa uongo huo mmoja wa maisha yake anammaliza. Nilipiga kelele.

Mwishoni Proctor anaweka saini kwenye ungamo la uongo ili aishi, wanataka kulibandika mlangoni kwa kanisa kila mtu alione jina lake, analichana. Tumezoea staringi hafi. Hapa anasimama na kitanzi shingoni, wako watatu, wanasali Baba Yetu kwa sauti, na watu waliamini mchawi hawezi kuimaliza hiyo sala bila kukosea. Hawakosei, wanakatishwa na kamba.

Mama aliuliza kitu kimoja tu, "Mkewe si alikuwa mjamzito, alijifungua?" Nikamwambia Elizabeth wa kweli mimba ndo ilimuokoa, mume kanyongwa Agosti na mtoto kazaliwa gerezani mwanzoni mwa 1693. "Wa kiume?" Wa kiume, mama, wakampa jina la baba yake.